Udongo Ukishakauka

Kiswahili kina methali tatu zinazosema kitu kimoja. Udongo uwahi ungali maji. Samaki mkunje angali mbichi. Ngozi ivute ili maji. Ni kama mfinyanzi, mvuvi na mwamba ngoma walikaa kikao kimoja wakakubaliana kwamba kila kitu kina muda wake wa kubadilishwa, muda wenyewe ni mfupi, na ukipita umepita. Tulizikariri shule ya msingi tukaambiwa zinahusu malezi. Upande wa pili hakuna aliyetusomea. Kama methali hizi ni kweli, basi mitaani kuna watu wengi mno waliokwisha kukauka, na hakuna la kuwafanyia ila kuwatumia walivyo au kuwavunja.

Wanafalsafa nao wako upande wa mfinyanzi. Aristotle alimfananisha mtu aliyezoea dhuluma na mtu aliyerusha jiwe: lilipokuwa mkononi lilikuwa lake, likishatoka hawezi kuliita lirudi. Miaka zaidi ya 2,000 baadaye, mwaka wa 1890, Mmarekani William James aliandika kwamba kwa wengi wetu tabia huwa imeshika kama plasta tunapofika miaka thelathini. Mimi nina ishirini na sita. Kwa hesabu ya James nimebakisha minne, na fundi yeyote wa Nyeri atakwambia plasta haingojei mtu.

Nataka kubishana nao wote, na nitatumia kioo.

Nilisoma kemia mihula mitano, halafu karo ikaisha na mimi nikaisha nayo. Kati ya yote niliyofundishwa, kilichobaki kichwani ni tofauti kati ya kioo na fuwele. Kioo cha dirisha ni mchanga, yaani silika, uliotiwa magadi kama yale ya Ziwa Magadi ili uyeyuke kwa moto nafuu, na chokaa kidogo ili mvua isije ikaulamba. Ukiyeyuka unakuwa uji mzito. Ndani ya uji huo atomu za silikoni na oksijeni zimeshikana mikono ovyo ovyo, minyororo juu ya minyororo. Uji unapopoa, kila atomu ingependa kwenda mahali pake kwenye mstari, kwa sababu huko ndiko kwenye utulivu. Lakini uji unazidi kuwa mzito, na kabla atomu hazijajipanga, miguu inakwama. Kioo ni umati wa stage ya matatu saa moja jioni, uliogandishwa katikati ya kusukumana. Fuwele ni umati uleule ukiwa umepanga foleni.

Zingatia hapo: umati ni uleule. Unaweza kuchukua uji wa aina moja, nusu ukaupoza haraka na nusu polepole, ukapata kioo huku na jiwe la fuwele kule. Mizani ya kemia haitaona tofauti yoyote kati yake.

Ukiwa Giakanja, asubuhi ambayo mawingu yamelala chini, unaweza kuuona ushahidi wa hili ukisimama upande wa kaskazini mashariki. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika. Ilikuwa ikitapika kati ya miaka kama milioni 3.1 na milioni 2.6 iliyopita. Batian, mita 5,199, na Nelion pembeni yake si kingo za shimo la volkano kama wengi wanavyodhani. Ni kizibo: uji wa mwamba ulioganda kwenye koo la mlima, polepole, ukajaa fuwele, halafu mlima wenyewe uliouzunguka ukamomonyolewa, kizibo kikabaki kimesimama peke yake. Uji uliofanikiwa kutoka nje ulikutana na baridi, na sehemu yake ikawa jiwe jeusi lenye asili ya kioo. Jiwe hilo lina jina letu. Mwanajiolojia J. W. Gregory, aliyeupanda mlima huu mwaka wa 1893, aliliita kenaiti mwaka wa 1900. Lina fuwele kubwa za feldspa, nyingine zina urefu wa sentimita kadhaa, zimekaa ndani ya weusi kama vipande vya viazi kwenye mukimo. Fuwele zilikua chini, gizani, kwa muda mrefu. Weusi unaozizunguka uliganda haraka baada ya kutoka. Jiwe moja, nyakati mbili. (Kenaiti ipo pia kwenye Mlima Erebus, Antaktika. Nilipolisoma hilo nilijisikia kama mtu aliyegundua ana mjomba Alaska.)

Hadi hapo mfinyanzi bado anashinda. Tumeona tu kwamba hatima ya kitu huamuliwa na mwendo wa kupoa kwake, na mwendo huo hakuuchagua. Hili peke yake lingetosha kutufanya tupunguze kelele za “mimi nilijituma”, lakini hiyo ni insha nyingine. Swali langu ni hili: kioo kikishakuwa kioo, kimekwisha?

Kuna uongo mmoja maarufu kwamba kioo hutiririka polepole, ndiyo maana madirisha ya makanisa ya kale huko Ulaya ni manene upande wa chini. Si kweli. Vioo hivyo vilitengenezwa bila unene sawa tangu mwanzo. Kwenye baridi ya kawaida atomu za kioo hazina pa kwenda, na unaweza kukiweka kabatini miaka 500 ukakikuta vilevile. Nauleta uongo huu kwa sababu una ndugu yake katika maadili, ile imani kwamba wakati wenyewe hubadilisha watu. “Mpe muda.” “Akikaa huko ndani miaka michache atajifunza.” Muda peke yake haufanyi kitu. Muda ndani ya baridi ni kabati tu.

Basi kinachohitajika ni moto? Mfaransa Réaumur alijaribu hivyo. Mwaka wa 1739 alieleza jinsi alivyochukua chupa za kioo, akazifukia kwenye mchanga na jasi, akazipika kwa siku kadhaa. Zilitoka nyeupe, hazipenyezi mwanga, zinafanana na kauri. Alikuwa amefaulu kuligeuza kioo kuwa fuwele bila kulipotezea umbo. Lakini zilikuwa dhaifu. Fuwele zilikuwa zimeanzia kwenye ngozi ya chupa, kwa sababu huko ndiko zilikopata pa kushika, zikakua kuelekea ndani kama sindano ndefu zilizolala sambamba, na mahali zilipokutana palikuwa njia tayari ya ufa. Kwa miaka mia mbili na zaidi hakuna aliyefanya la maana na ugunduzi huo.

Kosa lilikuwa wapi? Moto ulikuwepo, muda ulikuwepo. Kilichokosekana ni mbegu ndani.

Hapa niruhusu nikae kidogo, maana ndipo utamu ulipo. Fuwele haianzi kubwa. Inaanza na atomu chache zinazojipanga kwa bahati, kijikundi kidogo ndani ya fujo. Kijikundi hicho kina tatizo: kitu kidogo kina ngozi kubwa kuliko tumbo. Kila atomu iliyo kwenye ngozi imesimama mpakani, mkono mmoja kwenye mpangilio na mwingine kwenye fujo, na hali hiyo ni gharama. Kijikundi kikiwa kidogo, gharama ya ngozi inashinda faida ya tumbo, na kinayeyuka kurudi kilikotoka. Vingi huyeyuka. Vinatokea na kupotea, vinatokea na kupotea. Lakini kuna kipimo fulani, kidogo sana, ambacho kijikundi kikikivuka hesabu inageuka. Kuanzia hapo kila atomu inayojiunga inakifanya kiwe na utulivu zaidi. Kimekuwa mbegu.

Ukikipa kijikundi kitu kigeni cha kuegemea, kipimo hicho kinakuwa rahisi kukivuka. Asali inafanya hivi jikoni kwako. Asali mbichi ina chembe za poleni, sukari inazitumia kama mahali pa kuanzia, na mtungi mzima unaganda. Watu wa mjini wakiiona hivyo wanasema imechanganywa na sukari guru, wanamwita muuzaji mwizi. Asali iliyochujwa sana na kupashwa moto ndiyo hukaa maji maji muda mrefu dukani. Kilichotolewa kama uchafu kilikuwa mbegu.

Sasa, Stookey. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Donald Stookey alikuwa mtafiti wa kampuni ya Corning, New York. Alikuwa na kipande cha kioo cha silikati chenye lithiamu na chembe ndogo mno za fedha, akakiweka tanuruni kukipasha hadi nyuzi 600. Kidhibiti cha moto kikakwama, tanuru ikapanda hadi 900. Alitarajia kukuta uji umemwagika. Alikuta kipande kimesimama na umbo lake, cheupe, hakipitishi mwanga. Alipokitoa kikamponyoka kwenye koleo, kikaanguka sakafuni. Kililia kama chuma na hakikuvunjika. Chembe za fedha zilikuwa mbegu, na fuwele zilikuwa zimeota kila mahali kwa ndani, nyingi, ndogo, zimeelekea huku na huku, kiasi kwamba ufa ukijaribu kupita unalazimika kukata kona kila hatua. Kufikia 1958 kampuni ilikuwa ikiuza sufuria za kauri ya aina hiyo, safari hii mbegu zikiwa za titani. Leo uso wa yale majiko ya umeme yenye kioo cheusi ni ukoo huohuo. Meno ya bandia pia: daktari anachonga jino likiwa bado laini kiasi, halafu analichoma kwa nyuzi kama 850, fuwele zinamalizia kukua, na umbo halitikisiki.

Mfinyanzi angesema nini akiliona jino hilo? Limeshakauka. Limeshachongwa. Kisha, baada ya kukauka na kuchongwa, ndipo limekuwa gumu kwa namna ambayo halikuwa.

Nimeyafikiria haya yote kwa sababu ya binamu yangu. Simtaji jina. Miaka kadhaa iliyopita, shosho wetu alipolazwa hospitalini, binamu yangu aliuza mitamba wake wawili, pesa zikaishia kwenye kubeti. Mmoja alikuwa na mimba. Kesi ilifika kortini, akafungwa, akatoka Januari. Tangu hapo familia imegawanyika kuhusu jambo linaloonekana dogo: je, apewe kazi ya kukamua na kupeleka maziwa ya shosho asubuhi? Ng'ombe sasa ni mmoja. Anakaa kwenye chumba cha nje, anakata nepia, harudishi neno akitukanwa.

Mjomba wangu mkubwa alisema kwenye kikao, mbele yake, “Huyu ameshakomaa hivyo. Mtu wa miaka thelathini na tatu unamfunza nini?” Akatumia methali ya samaki. Shangazi akasema tumpe muda. Nilitaka kusema wote wawili wamekosea, lakini mimi ndiye niliyeacha chuo, na kwenye kikao cha familia mtu aliyeacha chuo ana haki ya kumimina chai.

Ningekuwa na sauti ningesema hivi. Mjomba anadhani umbo na muundo ni kitu kimoja. Si kimoja. Binamu yangu ana umbo lake: ni mtu wa maneno machache, anapenda vitu vya bahati nasibu, ana hasira ya chini chini. Sitarajii libadilike, na wanaongoja abadilike umbo ndipo waamini watangoja hadi kiyama. Swali ni kinachoendelea ndani ya umbo hilo. Na shangazi anadhani muda ni dawa, ilhali miaka aliyokaa ndani ilikuwa kabati. Wakati mwingine ilikuwa Réaumur: moto kutoka nje, ugumu wa ngozini, mtu anatoka anasalimu wazee vizuri na kunyoosha kitanda, na ukimgonga kidogo anapasuka kwa kufuata mistari ileile.

Kuna jambo lingine la tanuru ambalo linanisumbua zaidi. Joto linalozaa mbegu si joto linalokuza fuwele. Mbegu huzaliwa kwenye moto wa chini, pale kioo kinapoanza tu kulegea. Fuwele hukua kwenye moto wa juu zaidi. Kwa hiyo mafundi hupasha kioo kwa hatua: kwanza wanakishikilia kwenye moto wa chini, mara nyingine saa nzima au zaidi, na katika kipindi hicho ukichungulia huoni kitu. Kioo kinang'aa vilevile. Mbegu ni ndogo kuliko mawimbi ya mwanga, hazizuii chochote kupita. Ukikosa subira ukapandisha moto upesi, mambo mawili hutokea: kitu kinalegea na kupinda kabla hakijapata mifupa ya kukishikilia, na mbegu chache zilizowahi kuzaliwa zinakua kubwa kubwa, kila moja ikila nafasi yake, na kazi inatoka dhaifu.

Sasa angalia tunavyowapima watu waliorudi. Tunawapa jaribio kubwa mara moja. Huyu hapa, mwachie pesa, tuone. Akianguka tunasema si nilijua. Au hatumpi chochote kabisa na kungoja dalili. Yote mawili ni kutojua kazi ya tanuru. Kipindi ambacho mabadiliko yanaanza ndicho kipindi ambacho hayaonekani, na pia ndicho ambacho vijikundi vingi vinazaliwa na kuyeyuka. Mtu anaacha kubeti siku tisa, anarudi. Siku ishirini, anarudi. Kwa jicho la mjomba huo ni ushahidi kwamba hakuna kitu. Kwa hesabu ya ngozi na tumbo, hivyo ndivyo mwanzo wa kila kitu hufanana.

Najua pingamizi, na moja ni zito. Nyepesi ni kwamba mtu si kioo. Kweli, kioo hakina aibu, hakilali macho wazi saa nane usiku. Lakini walioanza kufananisha watu na udongo, jiwe na plasta si mimi. Kama tutatumia vitu kuhukumu watu, basi tuvijue vitu vyenyewe vizuri.

Zito ni hili: nani anadaiwa kuwa tanuru? Shosho ana miaka themanini na moja. Mitamba wale walikuwa bima yake. Kusema “binamu ana mbegu ndani, tumpashe moto polepole” ni rahisi kwangu, ninayeandika kwa laptopu na sina ng'ombe. Aliyeibiwa ndiye anayeambiwa kila mara awe na subira, na akikataa anaitwa mtu wa kinyongo. Hapo nasimama na shosho dhidi ya fizikia yote. Aliyeumizwa hadaiwi moto. Hadaiwi hata kuchungulia tanuruni. Akisema asimwone zizini mwake hadi afe, hiyo ni haki yake na haihitaji maelezo.

Lakini mjomba hakuibiwa. Mimi sikuibiwa. Sisi wengine tunapenda kujificha nyuma ya kidonda cha shosho ili tusifanye kazi. Na kuna tofauti kubwa kati ya kusema “mimi siwezi kukuamini” na kusema “wewe umekwisha”. La kwanza ni habari kuhusu msemaji. La pili linadai kujua kilichomo ndani ya kitu kisichoonekana kwa macho, na hakuna mtu kwenye kikao kile aliyekuwa na kifaa cha kupimia.

Sisemi kila kioo kina mbegu. Vingine vilichujwa kabisa, na ukivipika utapata uji tu. Inawezekana binamu yangu ni wa aina hiyo. Pia sisemi kuwa kioo ni fuwele iliyofeli. Obsidiani, kioo cha volkano kinachopatikana kwa wingi kule Naivasha na Eburru, ilichongwa visu na watu wa Bonde la Ufa maelfu na maelfu ya miaka kabla ya chuma, na ilikuwa na makali kwa sababu haina fuwele za kulipindisha pigo. Kuna watu ambao fujo yao ndiyo makali yao. Ninawafahamu, wengine tuliacha chuo pamoja.

Shosho aliamua mwenyewe, bila kutuuliza. Aprili alimwambia binamu yangu awe anabeba mtungi hadi kwa mwenye pikipiki anayekusanya maziwa, mita kama mia tatu, huku yeye akiwa amesimama kwenye lango anamtazama. Kukamua, bado. Pesa zinaingia kwa simu ya shangazi. Mjomba alipolalamika, shosho alimjibu kwamba mtungi wa lita tano hauuziki kwa bei ya mtamba, na kwamba magoti yake yanamuuma. Mvua zikaja, njia ikawa matope, na binamu yangu anaubeba bado, anatembea pembeni penye nyasi ili asiteleze.